Shikamoo ya Pili

Nyumbani kwangu, ghorofa ya kumi na moja, karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, kuna sheria moja ambayo sijailegeza tangu tufike Kanada. Viatu ukivisahau ukaingia navyo nitakukaripia, lakini yatakwisha. Kiingereza utakisema, maana nimeshachoka kupigana na shule na televisheni kwa pamoja. Ila ukipita mlango ule unanipa shikamoo yangu kwanza, ndipo ufungue friji.

Mwanangu alikuwa na miaka tisa tulipotoka Tanga. Na baba yake tuliachana salama. Akabaki kwao na mke mwenye sauti ndogo, kama alivyokuwa akitamani siku zote. Kiswahili cha mtoto kikaanza kupungua mwaka ule ule wa kwanza. Nikisema naye anaelewa, panapochekesha anacheka, kisha ananijibu kwa Kiingereza. Alipofika sekondari kilichobaki kilikuwa majina ya vyakula, matusi mepesi na shikamoo. Nikajisemea, chakula na matusi hata nisipomfundisha atavijua. Shikamoo ndiyo kazi yangu, nikaishikilia kwa mikono miwili.

Raga sikuileta mimi. Iliingizwa na mwalimu mmoja aliyemwona akilikimbiza basi la Finch, na akalipata. Mwalimu akamwambia njoo Alhamisi uwanjani. Siku ya kwanza nilipokwenda kumtazama nilikaa pembeni na chupa yangu ya chai ya tangawizi, nikaona kundi la watoto limewarukia wenzao, na wangu yuko chini ya fungu, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nikasimama. Nikamuuliza mama mmoja wa Kizungu aliyeketi karibu, nani kaanza? Akaniambia hakuna aliyeanza, ndivyo unavyochezwa. Nikamwambia basi aliyeubuni mchezo huu hakulelewa, na yule mama akacheka mpaka akanipa biskuti.

Nilimkataza. Akalia, mvulana wa miaka kumi na mitano mwenye ndevu zinazoanza, machozi yanadondoka kwenye chai. Wahenga wamesema mtoto akililia wembe mpe. Nikampa. Walichosahau kutuambia wahenga ni hiki: ukishampa wembe, utakuja kuutoa mkononi mwake kwa namna gani.

Basi nikawa mshabiki, na mimi sijui kushabikia kwa nusu. Nilijifunza kuwa mwanangu ni mmoja wa wale wanaojibanza ubavuni mwa skrum, lile fungu la kushikana na kusukumana, na kwamba mpira ukitoka wao ndio wa kwanza kumrukia aliyeushika. Nikajifunza kuwa anayemrukia mtu juu anaadhibiwa na anayempata chini anasifiwa. Kwa hiyo nikawa napiga kelele moja tu, mechi nzima: "Kiuno! Mkamate kiuno!" Alipochukuliwa na timu ya kulipwa ya mji, akiwa na miaka ishirini na mbili, kelele zangu nazo zikahamia uwanja mkubwa. Kufika msimu wa pili jukwaa letu zima, Wazungu, Wahindi, watu wa Fiji, lilikuwa likiimba "Kiuno! Kiuno!" bila kujua wanasema nini. Mwanangu aliniambia wachezaji wa timu za wageni walikuwa wanauliza kiuno ni nani.

Ijumaa alikuwa akija na wenzake kula. Vijana wa kutisha, mabega hayaingii mlangoni ila kwa ubavu, wanakaa chini kwenye zulia langu na kusubiri samaki wa kupaka kama watoto wa chuo cha Kurani. Wote niliwafundisha. Walikuwa wakisimama kizingitini wamepanga mstari, kila mmoja na lafudhi yake: "Shikamoo, Mama." Nami naitikia marahaba, marahaba, marahaba, kichwa kimevimba. Ile ndiyo miaka niliyoifurahia kuliko yote hapa. Nasema hivyo hata leo, pamoja na yote.

Ile siku yenyewe haikuonekana kuwa na kitu. Mechi ya mwanzo wa kiangazi, jua zuri. Alikwenda chini kwenye kiuno cha mtu kama nilivyomwagiza, na goti la yule mtu likamgonga kipaji cha uso. Alilala kidogo, akainuka, akatikisa kichwa, akacheka. Daktari wa timu akamtoa, akamwingiza ndani, akamsomea maneno ayarudie, akamuuliza leo siku gani, mnacheza na nani. Alipumzishwa kama wanavyopumzishwa, akapimwa tena, akafaulu, akarudi mazoezini. Nami nikaondoa shaka, kwa sababu kila mtu aliyevaa koti jeupe alikuwa ameshaiondoa yake.

Wakati huo alikuwa amepanga mtaa wa St. James Town na hakuwa akija kila siku, ila kila Jumapili lazima anipigie simu. Jumapili moja akanipigia. "Shikamoo, Mama." Marahaba, mwanangu. Tukazungumza habari za mguu wangu, habari za kocha, habari za bibi yake kule nyumbani. Halafu, katikati ya maneno, sauti ile ile nzuri: "Shikamoo, Mama." Nikadhani simu imekatika ikajirudi. Nikaitikia tena. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Sasa nieleze nilichofanya, mjue kiburi kinavyopofusha. Nilifurahi. Niliona kumbe yale malezi, kumbe ile kazi ya miaka yote, imezaa mtoto anayeona shikamoo moja haimtoshi mama yake. Kulikuwa na mkutano wetu wa akina mama wa Afrika Mashariki, tunakutana ukumbi mmoja North York, kila mtu na sufuria yake. Shoga yangu, Mkenya wa Nakuru, jirani yangu wa mlango wa tatu, alikuwa akilalamika kuhusu mabinti zake.

"Wangu ni 'Hey, Mum' asubuhi, 'Hey, Mum' jioni," akasema. "Na hata hawatoi zile vitu za masikio."

"Wangu mimi," nikamwambia, huku nikimpakulia pilau kwa maringo, "ananipa shikamoo mbili. Akikolea, tatu."

"Tatu! Ya nini yote hiyo? Sisi kwetu shikamoo ni ya kitabu cha shule."

"Ndiyo maana mabinti zako wako vile."

Meza nzima wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa.

Kazi yangu ni jikoni, katika nyumba ya kulelea wazee. Nimekuwa hapo miaka mingi, napika supu laini na mboga laini, na saa kumi jioni nazungusha chai kwa kitoroli. Yuko mzee mmoja, Mzungu mrefu, ambaye ujanani alicheza hoki ya barafuni kwa mshahara. Mlangoni pake kuna picha yake, hana meno mawili ya mbele na anacheka. Mzee huyu kila siku huniuliza, chai imeshapita? Namwambia bado, ndiyo hii, namwekea. Anakunywa. Kisha, kikombe kiko mkononi na mvuke unapanda, ananiuliza tena, chai imeshapita? Nimemjibu swali hilo miaka mitatu bila kulifikiria. Unajibu, unatabasamu, unasukuma kitoroli.

Siku chache baada ya ule mkutano akaniuliza mara ya pili kama kawaida yake, nami nikamtazama usoni. Hakuwa na ile aibu ya mtu anayerudia. Hakuwa anarudia. Kwake yeye lilikuwa swali jipya, la kwanza, limetoka likiwa zima na adabu yake yote. Nikaisikia sauti ya mwanangu kwenye simu. Ile shikamoo ya pili nayo ilikuwa mpya.

Nikasahau kusukuma kitoroli. Mzee akaniuliza kama niko sawa, Mungu ambariki.

Ijumaa nilimwita aje kula peke yake, bila wenzake. Akafika, akasimama kizingitini, "Shikamoo, Mama." Marahaba. Akavua viatu, akaenda kunawa, nikasikia bomba linaendelea kutiririka baada ya yeye kutoka. Nikaenda kulifunga. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba na amevuta pazia. Akanifuata jikoni, akasimama nyuma yangu, akasema kwa upole, "Shikamoo, Mama."

Sikugeuka haraka, kwa sababu uso wangu ulikuwa haufai. Nikamuuliza nikiwa bado nimetazama sufuria, "Leo umenisalimia mara ngapi?"

"Once. Sasa hivi. Kwani vipi?"

"Na mlangoni?"

Nikageuka. Nilimwona anaitafuta ile ya mlangoni na haipo. Alianza kucheka, akaacha. Kisha akaketi kwenye kiti cha jikoni, mtoto wangu mkubwa kama kabati, akaniambia kila kitu kwa mchanganyiko wake wa lugha. Kichwa kinauma tangu goti lile. Mwanga unamchoma. Kuna mchana mmoja alishuka treni asijue amepandia wapi. Kwa daktari anafaulu kwa sababu anajikaza kwa zile dakika chache, halafu anarudi chumbani kulala giza.

"Mama, please, usimwambie mtu," akasema. "Kuna watu wa Ufaransa wanakuja kuniangalia. Mechi mbili tu. Two games, halafu napumzika, I swear."

Ufaransa ndiko alikokuwa akikutaka tangu ana miaka kumi na saba. Nilijua. Picha za viwanja vyake zilikuwa bado zimebandikwa nyuma ya mlango wa chumba chake kwangu. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu la. Nikampakulia, akala, akanishukuru, akaondoka. Mimi nikabaki na sahani, na jambo lenyewe lilikuwa wazi kama sahani ile: nikinyamaza, goti jingine litakuja, na mwanangu ataniuliza chai imeshapita. Nikisema, nampokonya kitu pekee alichowahi kukililia, na huenda yeye mwenyewe akaondoka nacho. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Mimi niliujua huo uchungu na bado nilimwogopa mwanangu.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi, treni na basi tena mpaka kwenye uwanja wao wa mazoezi. Daktari wa timu alikuwa binti mdogo, nywele kazifunga juu kwa penseli. Kiingereza changu kinatosha jikoni na dukani. Hakikuwa kimejiandaa kueleza shikamoo. Nikamwambia, kwetu kuna salamu anayopewa mkubwa. Unampa mara moja mnapokutana, imekwisha. Ukimpa tena mtu yule yule saa ile ile, ama unamdhihaki ama umesahau kuwa ulimpa. Na mwanangu hanidhihaki.

Niliogopa atacheka. Akachomoa penseli kichwani aandike, nywele zikamwangukia usoni, akaziacha vile vile. Akaniuliza tangu lini, mara ngapi, kwenye simu au ana kwa ana. Aliniambia naye alikuwa ameanza kuiona ile miwani, alimuuliza, akajibiwa ni mzio wa chavua. Mambo kama haya, akasema, mara nyingi tunayapata kwa watu wa nyumbani. Kisha akaniambia kwamba atamwita leo hii, na kwamba hatamdanganya aliyeleta habari ni nani, akiuliza.

"Usimdanganye," nikasema. "Mwambie ni mama yake."

Walimpeleka kwa daktari bingwa wa ubongo, vipimo juu ya vipimo. Mwisho wake ukawa kwamba asigongwe tena, si msimu huu, si mwakani, si kamwe. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Watu wa Ufaransa walikuja wakatazama wengine.

Alikuja kwangu jioni ya siku aliyoambiwa. Hakuvua viatu. Alisimama pale pale kizingitini na akaniambia, kwa Kiswahili kizima ambacho sijui alikihifadhi wapi miaka yote ile, "Mama, umeniua."

Nami nina ulimi, hamtasema nimewaficha. Ningeweza kumkumbatia. Badala yake nikamwambia, "Bora unichukie huku unanijua." Akageuka akaenda zake. Lifti ilikuwa mbovu, nikamsikia akishuka ngazi zote.

Tangu siku ile hakunipa shikamoo.

Wasiolelewa nayo hawatanielewa. Hakunitupa, nisimsingizie. Kila mwisho wa mwezi alikuja na gunia la mchele, na kwa kuwa lifti za jengo letu hufanya kazi zikipenda, alilipandisha begani mpaka juu. Akalitua jikoni. "Hi, Mama," anasema, anauliza kama dawa za mguu zipo, anaondoka. Kwa Kiingereza hakuna tusi hapo. Lakini kwetu mtoto akikupita bila kukusalimia, mtaa mzima unajua kuna ugomvi, na watu wazima wataacha shughuli zao waje kusuluhisha. Mimi nilipewa "hi" na mtu niliyemzaa. Nami kwa hasira nikawa namjibu "hai" yake, fupi kama yeye, tukawa watu wawili wapumbavu na gunia la mchele katikati.

Shoga yangu Mkenya alitaka kuingilia. "Wacha niite wazee wawili watatu, tumkalishe chini," akasema. "Huyu kijana atasema hiyo kitu, atake asitake."

"Sitaki," nikamwambia. "Shikamoo ya kukalishwa chini ni kelele tu."

"Na wewe kiburi kitakuua."

"Kiniue basi."

Hakikuniua, lakini kilinikondesha. Nililia, na nililia kazini, kwenye chumba cha kugandishia vyakula, katikati ya maboksi ya njegere, kwa sababu ukitoka mle na macho mekundu kila mtu anadhani ni baridi. Jumapili simu haikulia. Nilizikumbuka zile shikamoo mbili mbili nilizojivunia, na nikajichukia kwa kuzikumbuka kwa hamu.

Kuhusu yeye mwenyewe nilizipata habari kwa vipande. Kwamba miezi ya kwanza alikaa gizani. Kwamba maumivu yameanza kupungua, sasa anatembea asubuhi, sasa anaweza kusoma ukurasa mzima. Nilishukuru kwa kila kipande. Kichwa kilikuwa kinarudi. Moyo ndio niliokuwa sina habari zake.

Katikati ya majira ya baridi ilianguka theluji mabasi yakasimama. Zamu yangu ilikuwa inakwisha na sikujua nitafikaje nyumbani. Nikaambiwa kuna mtu ananingoja ukumbini. Alikuwa yeye, ameazima gari la rafiki yake, theluji kwenye ndevu. "Hi, Mama." Hai. Nikamwambia nina sufuria za kuosha, asubiri. Akaketi kwenye meza iliyokuwa na nafasi, na meza ile ilikuwa ya yule mzee wa hoki.

Nilikuwa nafuta kaunta, nasikia. Mzee aliyapima mabega ya mwanangu, akamuuliza, "Wewe ni mchezaji?"

Mwanangu akapangusa theluji ndevuni. "Nilikuwa," akamwambia kwa Kiingereza, meno yamebana.

Mzee akatikisa kichwa, akanywa chai, akatazama theluji dirishani. Akamgeukia. "Wewe ni mchezaji?"

Nikaacha kufuta. Mwanangu alimtazama yule mzee, akanitazama mimi, akarudi kumtazama yule mzee. "Nilikuwa, bwana," akasema. "Raga."

"Mchezo mzuri," mzee akasema.

"Mzuri sana."

Waliongea kidogo, habari za magoti na za makocha, mzee yuko sawa kabisa katika mambo ya zamani. Halafu ikaja ya tatu, nzima na adabu yake yote: wewe ni mchezaji? Na mwanangu akamjibu polepole, bila kubana kitu, kana kwamba anaulizwa mara ya kwanza. "Nilikuwa mchezaji. Nimeacha." Sidhani kama alikuwa amewahi kulitamka neno lile kwa sauti.

Garini aliendesha taratibu mpaka tulipopita barabara kubwa. Ndipo akauliza, "Ana watoto, yule mzee?"

"Ana binti. Huja Jumapili na keki. Mzee humuuliza yeye ni nani."

Akawasha vifutio vya kioo ijapokuwa theluji ilishakoma. Tulipofika alishuka, akanishika kiwiko tukavuka barafu pamoja mpaka mlangoni, akaniacha pale. Shikamoo hakutoa na mimi sikuingoja, ila usiku ule nililala usingizi mzuri.

Majira ya kuchipua alikuja na mchele, na badala ya kuondoka akakaa kwenye kiti cha jikoni. Akaniambia kuna fundi wa lifti aliyekuwa haishi kuja kwenye jengo lao la St. James Town, kwa kuwa lifti za huko ni ndugu wa hizi zetu. Alianza kwa kumshikia tochi kwa sababu hakuwa na la kufanya. Yule fundi akaona kijana ana nguvu na ana subira, akamuuliza kama angependa kujifunza. Daktari ameshamruhusu. Ameanza uanagenzi.

"Lifti?" nikamwambia. "Wewe uliyelelewa na lifti mbovu?"

"Ndiyo maana," akasema, na akakaribia kucheka. Aliniambia kazi ile ni ya watu wawili wawili siku zote, mmoja akiwa juu mwingine yuko chini, na hugusi kitu mpaka umesikia sauti ya mwenzako. Alisema ni kama skrum, huwezi kujifanya umemshika mtu ilhali hujamshika. Alizungumza robo saa nzima. Nilisimama na mwiko mkononi nisithubutu kuukoroga mchuzi, nisije nikamkatiza.

Na sasa nifikie ile Jumamosi ya mwezi uliopita. Nilitoka sokoni na mkokoteni wangu, mna samaki wawili wakubwa na ndoo ndogo ya mtindi, na mchele, maana safari hii niliununua mwenyewe. Lifti ikapanda vizuri, nikaanza kuisifu, ikakwama. Nikabonyeza kengele. Sauti ikaniambia nitulie, mafundi wako karibu, wanakuja. Nikaketi juu ya mfuko wa mchele nikaanza kuwalaani wenye jengo, mmoja mmoja, kwa mpangilio.

Nikasikia hatua juu yangu, kisha kugonga. Sauti ikauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu, na ni wangapi.

Niliijua sauti ile kabla haijamaliza. "Niko peke yangu," nikasema kwa Kiswahili, "na samaki."

Kisha chuma kikalia, mlango ukafunguka nusu, na sakafu ya ghorofa ya nane ikawa usawa wa kifua changu. Niliona buti mbili, na nyuma yake buti za fundi wake mkubwa. Zile mbili zikapiga magoti, kisha mwenyewe akalala kifudifudi sakafuni ili anione, kofia ngumu kichwani, grisi shavuni, macho maangavu bila miwani yoyote. Akanitazama nimekaa juu ya mchele kama sultani.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Sikuitikia. Nilitaka kuitikia, koo lilikuwa tayari. Lakini nilikaa nikimtazama.

"Mama? Umeumia?"

"Sijaumia."

"Mbona huitikii?"

"Nasikiliza," nikamwambia, "kama kuna ya pili."

Akaelewa. Niliona jinsi neno lile lilivyomfikia, na lilivyoteremka. Fundi wake akauliza nyuma yake kama mambo ni salama, naye akainua mkono kumwambia subiri kidogo. Alilala pale na kidevu juu ya sakafu, tukatazamana.

"Hakuna ya pili, Mama," akasema. "Ni hiyo hiyo moja."

"Marahaba," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Haya nitoe, samaki wanaharibika."